Nyota anayeukalia mpira humfaa nani?

Usiku wa drafti ya Juni 2018, yaani pale klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Dallas Mavericks na Atlanta Hawks walibadilishana vijana wawili ambao hakuna aliyekuwa amecheza hata dakika moja ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Hawks walimchagua Luka Dončić wa tatu wakawaachia Dallas. Dallas nao wakawapa Trae Young, aliyechaguliwa wa tano, pamoja na chaguo la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata. Miaka ikapita watu wakibishana nani alipunjwa. Kisha, katika muda usiofika mwaka mmoja, klabu zote mbili zikaachana na waliowachagua. Februari 2025 Mavericks walimpeleka Dončić Los Angeles Lakers, wakachukua Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza la mwaka 2029. Januari 2026 Hawks wakampeleka Young Washington Wizards, wakapokea CJ McCollum na Corey Kispert bila chaguo hata moja la drafti. Mtu aliyeongoza ligi kwa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, msimu uliotangulia, 11.6 kwa mechi, akaondoka kwa bei ya kutupa.

Hitimisho lililofuata lilikuwa jepesi mno: zama za nyota anayeukalia mpira, yule anayekaa nao mkononi karibu kila shambulizi, zimekwisha, soko limeshasema. Kama soko lilisema, basi lilisema kwa ndimi mbili, maana Nico Harrison, meneja mkuu aliyemuuza Dončić, alifutwa kazi Novemba 2025, miezi tisa tu baada ya biashara ile. Mimi nasoma matukio haya kwa namna nyingine. Nyota wa aina hii huwainua wachezaji wasioweza kujitengenezea nafasi, na huwabana wale wanaoweza. Ndiyo maana thamani yake huwa kubwa kupita kiasi katika timu dhaifu, na huanza kushuka kila klabu inapomletea wenzake wazuri, mpaka yeye mwenyewe akubali kulegeza mkono. Kuuliza kama anasaidia au anaharibu bila kuwataja wale wanne wanaosimama naye uwanjani ni kupoteza muda. Young hakuisha. Waliomzunguka ndio waliokua.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila mjadala huu unapoanza. La kwanza ni kiwango cha matumizi, yaani katika mashambulizi yote ya timu wakati mchezaji yuko uwanjani, ni asilimia ngapi huishia kwake, ama kwa kutupa, ama kwa kwenda kwenye mitupo huru, ama kwa kupoteza mpira. Wachezaji ni watano, kwa hiyo wastani ni asilimia 20. Russell Westbrook alikaribia asilimia 42 msimu wa 2016/17, na hiyo ni rekodi. Jambo la pili ni muda ambao mpira unakaa mkononi mwa mtu, kitu kilichoanza kupimwa vizuri msimu wa 2013/14 ligi ilipofunga kamera za kufuatilia mienendo ya wachezaji katika viwanja vyote. Mambo haya hayaendi pamoja siku zote. Stephen Curry wa msimu wa 2015/16, Golden State Warriors waliposhinda mechi 73 na kupoteza 9, alikuwa na matumizi ya zaidi ya asilimia 30 na wastani wa pointi 30.1, lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya bila mpira, akizunguka skrini moja baada ya nyingine, yaani wenzake waliosimama kumzibia mlinzi njia, huku walinzi wawili wakimkimbiza. Nikola Jokić naye hupitiwa na karibu kila shambulizi la Denver, ila akiupata mpira hakai nao. Ninayemzungumzia hapa ni yule anayeupokea nusu ya uwanja, anaudunda nusu ya zile sekunde 24 ambazo timu hupewa kwa kila shambulizi, au zaidi, huku wenzake wamesimama, ndipo anaamua shambulizi liishie wapi. Dončić na Young ni hao. James Harden wa Houston. Westbrook. Jalen Brunson wa New York, na LeBron James kwa miaka mingi.

Upande unaomtetea nyota huyu una nguvu kuliko wakosoaji wanavyopenda kukiri. Msimu wa 2019/20, Dončić akiwa katika mwaka wake wa pili tu, Mavericks walimaliza wakiwa na mashambulizi yenye ufanisi kuliko timu yoyote katika historia ya ligi hadi wakati huo, na hicho hakikuwa kikosi cha kutisha: ukimtoa yeye na Kristaps Porziņģis, wengi walikuwa watu wa kusimama pembeni wakisubiri kutupa. Cleveland Cavaliers wa 2018 walifika fainali baada ya Kyrie Irving kuondoka, LeBron akiwa amewabeba begani. Katika mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya Warriors alifunga pointi 51, na timu yake ikafungwa hata hivyo. Alipoondoka kiangazi kile, Cavaliers walishuka kutoka ushindi wa mechi 50 hadi 19. Wanaopinga hupenda kukimbilia kidole kimoja hakivunji chawa. Cleveland walivunja chawa wengi kwa kidole kimoja, miaka na miaka.

Mantiki yake ni rahisi. Mpira ukikaa kwa mtu mmoja anayeona uwanja wote, maamuzi magumu yanakuwa machache na pasi za hatari zinapungua, halafu kila mwenzake anabakiwa na kazi ndogo anayoiweza. Clint Capela pale Houston hakuhitaji kudunda mpira hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kumwekea Harden skrini, kukimbilia kikapu, kupokea mpira hewani na kuuzamisha. Msimu wa 2017/18 aliongoza ligi kwa usahihi wa mitupo, asilimia 65.2, na Rockets wakashinda mechi 65. Mpe Capela mpira mita sita kutoka kwenye ring umwambie atengeneze kitu, na wote tunajua kitakachotokea. Kwa mchezaji kama huyo, Harden alikuwa riziki.

Bei yake huonekana baadaye, na mara nyingi huonekana Mei na Juni, wakati wa mtoano. Mei 24, 2024, Minneapolis, mchezo wa pili wa fainali ya Kanda ya Magharibi, Mavericks wako nyuma kwa pointi mbili na saa inakwisha. Dončić anaita skrini ili abaki uso kwa uso na Rudy Gobert, aliyekuwa ametangazwa mlinzi bora wa ligi mwezi huo huo. Anadunda, anajifanya kuingia ndani, anarudi nyuma hatua moja na kutupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Mpira unaingia zimebaki sekunde tatu: 109 kwa 108. Wenzake wanne walikuwa watazamaji wenye viti vizuri kuliko sisi. Wiki mbili hazikupita kamili, Boston Celtics wakaja na jibu ambalo lilionekana kama dharau. Katika mchezo wa kwanza wa fainali walikataa kabisa kumsaidia mlinzi aliyekuwa na Dončić. Jaylen Brown au Jrue Holiday aliachwa naye apambane peke yake, na wengine wote wakaganda na watu wao: waliokuwa kona wakabaki wamebanwa kona, na warukaji waliozoea kurushiwa mpira juu ya ring wakakuta kuna mtu mgongoni. Dončić alimaliza na pointi 30, ribaundi 10 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na asisti 1. Moja. Boston wakashinda 107 kwa 89, na fainali nzima kwa michezo 4 kwa 1.

Celtics hawakumzuia Dončić. Walichokata ni nyuzi zinazomuunganisha na wenzake, wakiamini kwamba watu wasiozoea kujitafutia hawatajifunza kujitafutia usiku wa fainali. Msimu wa kawaida hakuna muda wa kuandaa mpango kama huo, timu inacheza mji tofauti kila baada ya siku moja au mbili. Hatua ya mtoano makocha wanapata mpinzani mmoja kwa wiki mbili, wanatazama video hadi usiku wa manane, na mashambulizi yanayopita mlango mmoja yanakuwa rahisi kuyawekea kufuli. Nakubali kwamba bila Dončić Mavericks wasingefika huko hata kwa bahati. Lakini hoja zote mbili zinasimama kwa pamoja, na ndiyo maana jibu la ndiyo au hapana halitoshi.

Gharama kubwa zaidi haimo katika takwimu za nyota. Imo katika takwimu za waliokuwa chini yake, na huzioni mpaka waondoke. Aprili 2022 Dončić aliumia mguu akakosa michezo mitatu ya kwanza dhidi ya Utah Jazz. Brunson, wakati huo msaidizi wake mwenye wastani wa pointi 16.3, alifunga 41 katika mchezo wa pili, na Mavericks wakashinda miwili kati ya mitatu hiyo. Kiangazi akahamia New York Knicks. Msimu wa kwanza wastani wake ukawa pointi 24.0, wa pili 28.7. Victor Oladipo aliishi msimu mmoja pale Oklahoma City Thunder chini ya Westbrook aliyekuwa akivunja rekodi, akapata pointi 15.9, alipofika Indiana msimu uliofuata akapanda hadi 23.1 na kutajwa mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote katika ligi. Domantas Sabonis, mtu mrefu mwenye pasi za ajabu, alitumia msimu wake wa kwanza katika kikosi hicho hicho akisimama pembeni kusubiri mitupo ya pointi tatu. Baadaye akawa All-Star, yaani mmoja wa wanaoteuliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi, kwa kufanya kazi tofauti kabisa.

Mfano unaouma zaidi ni wa Atlanta wenyewe. Mwaka 2022 Hawks walilipa rundo la machaguo ya drafti ili kumpata Dejounte Murray, aliyekuwa ametoka kucheza All-Star pale San Antonio akiwa na wastani wa asisti 9.2. Fikra ilikuwa kwamba Young atapumua na mpira utakuwa na wenyewe wawili. Asisti za Murray zikashuka hadi 6.1. Hawks wakashinda mechi 41 na kupoteza 41, msimu uliofuata wakashinda 36, na Murray akauzwa New Orleans. Hapa hakuna mchezaji aliyekuwa mbaya. Mmoja alijua kazi yake akiwa na mpira, mwingine naye alijua kazi yake akiwa na mpira, na mpira ni mmoja.

Mtu anaweza kupinga kwamba Brunson na Oladipo wangekua hata wangebaki, kwa sababu umri ulifika, na Oladipo alirudi msimu ule akiwa ameufanyia mwili wake kazi kubwa. Ni pingamizi la haki. Haiwezekani kumhukumu Dončić kwa kila pointi ambayo Brunson aliipata New York. Ila mwelekeo ni mmoja kwa wengi mno: wenye uwezo wa kuanzisha mchezo hupanda wanapotoka chini ya nyota, wamaliziaji hushuka. Capela hakuwahi tena kuwa yule wa Houston ila alipompata mgawaji mwingine wa aina ile ile, Young.

Hoja dhaifu kuliko zote kwa wanaompinga ni ile ya pete ya ubingwa. Harden hana ubingwa, Young hana, Westbrook hana, kesi imefungwa. Ubingwa ni mmoja kwa mwaka na timu ni 30. Kipimo hicho kinamhukumu karibu kila mtu aliyewahi kucheza. Rockets wa 2018 walikuwa wanaongoza 3 kwa 2 dhidi ya Warriors, Chris Paul akaumia paja mwishoni mwa mchezo wa tano, na katika mchezo wa saba wakakosa mitupo 27 ya pointi tatu mfululizo. Kusema Harden kuukalia mpira ndiko kulikoifanya mitupo 27 igonge chuma kunahitaji imani kuliko uchambuzi. Halafu yupo Shai Gilgeous-Alexander. Msimu wa 2024/25 aliongoza ligi kwa pointi 32.7, alikuwa miongoni mwa wenye matumizi makubwa kabisa, Oklahoma City Thunder wakashinda mechi 68, naye akatwaa tuzo ya mchezaji bora (MVP) wa msimu na wa fainali. Tena waliwashinda Indiana Pacers, timu ya pasi nyingi ambayo kila mpenzi wa mpira wa kugawana alikuwa anaiombea dua.

Upande wa pili nao una hoja mbovu, mbili. Ya kwanza ni kuhesabu asisti kama ushahidi wa moyo wa kugawa. Asisti huhesabu pasi ya mwisho tu. Mtu anaweza kutoa 11 kwa mechi kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutoa huo mwisho. Ya pili ni kuangalia timu inavyoanguka nyota akipumzika. Mchezo wa tano wa Thunder na Rockets mwaka 2017, Westbrook alikuwa uwanjani dakika 42 na timu yake ikawazidi Rockets kwa pointi 12. Katika zile dakika 6 alizokaa benchi ikazidiwa kwa 18, mechi ikaisha 105 kwa 99 na msimu wao ukafia hapo. Mashabiki wake bado wanaitaja kama hati ya kutokuwa na hatia. Mimi naiona pia kama hati ya namna timu ilivyojengwa: msimu mzima hakuna aliyefundishwa kucheza bila yeye, halafu tunashangaa hawawezi kucheza bila yeye.

Waliofanikiwa wana jambo moja linalowaunganisha: walilegeza wakati sahihi. Mwishoni mwa msimu wa 1988/89 kocha Doug Collins alimkabidhi Michael Jordan kazi ya kuongoza mchezo, na katika mechi 10 kati ya 11 akafikisha tarakimu mbili kwenye pointi, ribaundi na asisti. Takwimu za kupendeza. Chicago wakatolewa na Detroit. Phil Jackson alipochukua timu kiangazi kile, yeye na Tex Winter walikwenda kinyume: mashambulizi ya pembetatu, mpira unazunguka, na Scottie Pippen anaachiwa kuanzisha. Jordan aliyefunga 37.1 kwa mechi msimu wa 1986/87 na timu ikapoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, alifunga 31.5 msimu wa 1990/91 na kuchukua ubingwa wake wa kwanza. Isingewezekana mapema zaidi, kwa sababu Pippen na Horace Grant waliingia ligi mwaka 1987 na walihitaji muda. Thunder nao walimlea Jalen Williams akiwa na mpira mkononi tangu mapema, na usiku wa mchezo wa tano wa fainali ya 2025 alifunga 40 huku Gilgeous-Alexander akiwa pale pale uwanjani. Gilgeous-Alexander, tuongeze, hupoteza mpira mara chache sana kwa mtu anayeutumia kiasi kile, na hulinda. Young, mfupi na mwembamba, hutafutwa na kila mpinzani zamu yake ya kulinda inapofika, na hilo lilishusha bei yake labda kuliko lingine lolote.

Pesa nazo zimebadilisha hesabu. Mkataba wa ligi na wachezaji wa 2023 uliweka kikomo cha juu cha matumizi ambacho klabu ikikivuka hubanwa hata namna ya kubadilishana wachezaji. Nyota wa mshahara wa juu huweza kula asilimia 35 ya ukomo wa mishahara ya timu nzima. Ukimlipa hivyo mtu ambaye anahitaji mpira ili awe na faida, unayemlipa wa pili lazima awe na faida bila mpira, maana hakuna nafasi ya kununua kosa jingine kama la Murray.

Kwa hiyo Hawks walikuwa na sababu. Jalen Johnson ameonyesha kwamba anaweza kuchukua ribaundi, kuupeleka mpira mwenyewe na kuugawa, na Dyson Daniels anaiba mipira ambayo inahitaji mtu wa kukimbia nayo mara moja kabla ulinzi haujakaa sawa. Kumwambia Johnson asimame kona asubiri kungekuwa kurudia kosa la Dallas kwa Brunson huku mkiwa mmeshaliona likitokea kwa jirani. Lakers wana mtihani wao na Austin Reaves, ambaye ni bora akiuanzisha mchezo kuliko akiumalizia, na Knicks wana wao na Brunson, ambaye sasa ndiye anayekaa kiti alichokuwa amekalia Dončić. Walimfukuza kocha Tom Thibodeau siku chache baada ya kufika fainali ya Mashariki kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2000, na swali la msingi walilomwachia mrithi wake, Mike Brown, ni mpira ufike kwa Karl-Anthony Towns na wengine saa ngapi.

Wizards ndio wanaonivutia zaidi. Walishinda mechi 18 tu msimu wa 2024/25, wana vijana wengi, na wana Alex Sarr, mrefu mwepesi wa aina ambayo Young amekuwa akiilisha maisha yake yote. Mwezi mmoja baada ya kumchukua Young wakamchukua pia Davis, mmaliziaji aliyekubuhu, yule yule aliyetoka katika biashara ya Dončić. Kwa timu maskini kiasi kile Young ni dawa, na naamini atawapandisha. Wasiwasi wangu ni kwa Bub Carrington na Tre Johnson, walinzi wawili wachanga ambao bado haijulikani wanaweza kuanzisha nini, na haitajulikana wakiwa wamesimama kona. Ningekuwa kocha wao, ningewapa dakika nane au kumi kila usiku Young akiwa benchi, na nyingine kadhaa yeye akiwa uwanjani bila ruhusa ya kuupandisha mpira, hata kama zingewagharimu mechi za Novemba.